Skii moja, maboya sita: jinsi ya kuchagua na kupanga vifaa vya slalomu ya majini

"Nina urefu wa mita 1.80. Ninunue skii ya inchi ngapi?"

Swali hili huulizwa na karibu kila mtu anayetaka kuhama kutoka skii mbili (mbao ndefu nyembamba za kutelezea majini ukivutwa na boti) kwenda moja, na wanaomjibu hupishana. Mmoja atasema 67, mwingine 69, wa tatu atamshauri anunue ile anayotumia bingwa fulani. Muulizaji huondoka amechanganyikiwa kuliko alivyokuja. Tatizo limeanzia kwenye swali lenyewe, kwa sababu skii ya slalomu haina habari na urefu wako. Mambo mawili ndiyo yanayoamua: una kilo ngapi, na boti itakuvuta kwa kasi gani.

Kabla hatujafika huko, tuelewane kwenye maneno. Slalomu ni neno lenye asili ya Kinorwe, na lilizaliwa kwenye miteremko ya theluji. Baadaye lilichukuliwa na wapiga kasia wanaopita katikati ya nguzo kwenye maji yaendayo kasi, mchezo ambao watu huuona kwenye Olimpiki. Ninayoizungumzia hapa ni slalomu ya tatu: mtu anavutwa na boti, amesimama juu ya skii moja, miguu yote miwili juu yake, mmoja mbele ya mwingine. Hata hapo utata hauishi. Wengi huita utelezaji wowote wa skii moja "slalomu", ilhali kwa wanaoshindana slalomu ni kupita njia iliyopangwa maboya. Ukienda kununua, sema mapema unataka ipi kati ya hizo mbili, maana vifaa vyake havifanani.

Njia ya maboya yenyewe ni rahisi kuieleza. Unaingia kwa lango la maboya mawili, unazunguka maboya sita, matatu kila upande kwa kupishana, kisha unatokea lango la mwisho. Kutoka lango hadi lango ni mita 259. Kila boya unalozunguka liko mita 11.5 kutoka mstari wa katikati, na boti hupita kwenye mstari huo bila kukunja. Boti ikienda kilomita 58 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya juu ya wanaume kwenye mashindano (ya wanawake ni 55), njia yote inamalizika kwa sekunde 16 hivi. Ndani ya muda huo unatakiwa ukate kwenda upande mmoja, upunguze mwendo, ugeuke, ukate tena, na ufanye hivyo kwenye maboya yote sita.

Ukizunguka maboya yote bila kukosa, boti inaongezwa kilomita 3 kwa saa na unarudia. Ukishafika kasi ya juu ya kundi lako, kasi haiongezwi tena. Inafupishwa kamba: mita 18.25, kisha 16, 14.25, 13, 12, 11.25, na bado kuna fupi zaidi. Hebu itazame hiyo 11.25 kwa makini. Kamba inafungwa kwenye nguzo iliyo katikati ya boti, na boya liko mita 11.5 kutoka katikati. Maana yake, hata kamba ikinyooshwa moja kwa moja ubavuni mwa boti, haifiki kwenye boya. Sentimita zinazopungua zinazibwa na mkono ulionyooka na mwili uliolala juu ya maji, skii ikipita nje ya boya. Kwangu mimi hakuna picha inayoeleza mchezo huu vizuri kuliko hiyo, na ndiyo sababu watu wanaosogeza pezi (kibati kilicho chini ya mkia wa skii) kwa unene wa karatasi hawana wazimu. Ila wengi wetu hatuko kwenye kamba hiyo, na hatupaswi kununua vifaa kana kwamba tuko huko.

Sasa tuishike skii yenyewe. Mbele ni pua, nyuma ni mkia. Ukiitazama ubavuni utaona imepinda kama upinde uliolegea, pua na mkia vikiwa juu kidogo kuliko tumbo. Upinde huo una historia ndefu sawa na mchezo wenyewe. Mwaka 1922, kijana wa miaka 18 aitwaye Ralph Samuelson alikuwa akijaribu kusimama juu ya maji ya Ziwa Pepin, jimboni Minnesota, Marekani. Alizama mara nyingi, hadi alipotengeneza mbao zenye pua zilizopindwa juu na akajua kuegemea nyuma ili pua zitangulie kutoka majini. Skii za leo ni za nyuzi za kaboni na povu gumu, lakini kanuni ni ileile: pua ikizama, safari imeisha.

Kadiri upinde unavyokuwa mkubwa, ndivyo skii inavyogeuka upesi na kwenda polepole. Skii iliyonyooka zaidi hukimbia, ila kuigeuza ni kazi. Chini yake kuna mfereji mpana unaoisaidia kushika maji inapolazwa ubavu. Kando kuna makali, na jinsi yalivyochongwa ndivyo skii inavyozama au kuelea ikiwa imelazwa. Karibu na mkia kuna pezi, kibati chembamba cha aluminiamu kinachosimama kama pezi la samaki, na kwenye pezi huwa kuna kibawa kidogo kilicholala. Tutavirudia hivi viwili.

Turudi kwenye kilo na kasi. Umewahi kurusha jiwe bapa juu ya maji yaliyotulia? Ukilirusha kwa nguvu linaruka mara tano, sita. Likishapungua kasi, linazama papo hapo. Jiwe halijabadilika uzito wala umbo, kilichopungua ni kasi tu. Skii hubebwa kwa namna hiyohiyo. Maji yanayogonga tumbo lake ndiyo yanayokushikilia, na boti ikienda taratibu, yanagonga kwa nguvu ndogo, kwa hiyo unahitaji tumbo kubwa zaidi ili ubebwe. Mtu mzito anahitaji eneo kubwa kwa sababu hiyohiyo. Urefu wa mtu hauingii popote kwenye hesabu hii.

Kwa mfano, mtu wa kilo 75 anayevutwa kwa kilomita 55 kwa saa mara nyingi ataangukia kwenye skii ya inchi 66 au 67. Mtu huyohuyo, akiwa bado anajifunza kwa kilomita 40 au 45, atafurahi zaidi na ndefu kidogo, au na mojawapo ya zile pana zilizotengenezwa kwa mwendo wa chini. Kila mtengenezaji ana jedwali lake la kilo na kasi. Lifuate hilo, na ukijikuta mpakani kati ya saizi mbili, kasi yako ya kweli ndiyo iamue: taratibu, chukua kubwa, haraka, chukua ndogo. Nimesema kasi yako ya kweli, ile uliyotumia wiki iliyopita. Kasi unayoiota ina skii yake, na utainunua siku yake.

Ukikosea kwa kuchukua ndogo, utajua kabla hujasimama. Boti inavuta, maji yanakupanda kifuani, mikono inaungua, na skii inakataa kupanda juu. Ukikosea kwa kubwa, utasimama bila shida, ila kasi ikipanda skii itakaa juu mno, itatetemeka juu ya maji na kukataa kuuma kwenye kona. Kosa la pili ni dogo kuliko la kwanza. Mwanafunzi anayeshindwa kutoka majini mara kumi mfululizo haoni kwamba skii ndiyo ndogo. Anaona yeye ndiye asiyeweza, na wengine huacha mchezo hapo. Inaniuma kila ninapoona hivyo, kwa sababu ni jambo la kurekebishika kwa kubadilishana skii na jirani kwa dakika kumi.

Hapa pia ndipo ilipo imani kwamba skii ya bei ya juu kabisa itakupeleka mbele haraka. Skii za mabingwa ni ngumu na nyepesi, na zinaitikia kila unachofanya. Zinaitikia makosa pia. Zimetengenezwa kwa mtu anayefika kwenye boya na mwili wake uko mahali pake, na kwa mtu ambaye bado anaegemea nyuma kwa hofu, ugumu huo humrudishia kila kosa kwa nguvu. Skii ya daraja la kati, inayonyumbuka kidogo, humsamehe. Iliyotumika pia haina ubaya, ilimradi uikague: bonyeza kwa kidole gumba sehemu zote za juu na chini kutafuta palipolainika, tazama kama kuna nyufa kuzunguka matundu ya skrubu, kisha pitisha kucha kwenye makali yote mawili. Mahali kucha inapokwama, maji nayo yatakwama.

Viatu ndivyo ninavyotaka tuvikalie zaidi, kwa kuwa mtu anaweza kukosea skii na akapoteza fedha tu, lakini akikosea viatu anaweza kupoteza kifundo cha mguu.

Anza kwa kujua mguu upi unakaa mbele. Kuna mazoea ya kumsukuma mtu mgongoni kwa ghafla na kutazama ametanguliza mguu gani. Ni kipimo cha kubahatisha. Kizuri zaidi ni kuteleza kwa skii mbili, kwenye maji tulivu, na kuinua moja kidogo, kisha nyingine. Mguu unaokubeba bila wasiwasi ndio wa mbele. Rudia mara kadhaa, mwili utakuambia.

Baada ya hapo kuna chaguo la aina. Vipo viatu vya mpira laini, rahisi kuvaa na kuvua. Vipo vya ganda gumu la plastiki, vinavyoshika mguu barabara na kupeleka kila msukumo moja kwa moja kwenye skii. Upo pia mpango wa kiatu kamili mbele na mkanda wa vidole nyuma, ambapo kisigino cha nyuma kinabaki huru. Anayeanza hufaidika na huu wa mwisho: anaweza kutoka majini akiburuza mguu wa nyuma kama usukani, halafu akauingiza akishasimama.

Dhana iliyoenea ni kwamba kadiri kiatu kinavyobana ndivyo unavyokuwa salama. Fikiria kinachotokea ukianguka. Skii ina urefu wa karibu mita 1.7, na maji yanaikamata kwa nguvu na kuizungusha. Miguu yote miwili ikitoka, umeanguka tu. Yote miwili ikibaki, mwili na skii vinazunguka pamoja. Lakini mmoja ukitoka na mwingine ukabaki, ubao wote huo unakuwa mpini mrefu unaokunja kifundo kimoja. Niliwahi kuanguka hivyo, mguu wa nyuma ukachomoka na wa mbele ukagoma. Nakumbuka kwanza nilihisi joto kwenye kifundo, si maumivu, kisha nikaona pua ya skii ikielekea upande ambao vidole vyangu havikuwa vikielekea. Wiki tatu nilikaa nje ya maji. Kosa lilikuwa langu: asubuhi ile nilikaza kamba za kiatu cha mbele kwa nguvu zote na kuacha cha nyuma kilivyokuwa.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni kama miguu yako itatoka kwa pamoja. Ukitumia mkanda nyuma, kiatu cha mbele kisikazwe kupita kiasi, kwa sababu mguu wa nyuma utatoka tu. Ukitumia viatu viwili kamili, vikaze sawasawa. Ipo pia mifumo ambayo viatu viwili vimefungwa juu ya bamba moja, na bamba zima ndilo linalochomoka kwenye skii, miguu ikibaki pamoja. Iwapo fedha inaruhusu, ni mpango mzuri. Kiatu cha mpira kilichokaza vizuri ni kile ambacho kisigino hakiinuki ukitembea-tembea mahali pamoja, lakini ukivuta kwa nguvu, mguu unatoka. Ukishindwa kuuingiza mguu, tumia sabuni ya maji iliyozimuliwa. Usipanue kiatu kwa kukichana.

Kamba na mpini nitavipitia haraka. Kamba ya slalomu ni ya polipropilini, inaelea, na inavutika kidogo. Kuna kamba zisizovutika kabisa, zinazotumiwa na wale wa mbao za kurukia mawimbi, na watu huzichukua wakidhani ni bora kwa sababu ni ghali. Kwenye slalomu kila boya ni mvuto mkali baada ya kamba kulegea, na kamba isiyo na mnyumbuko wowote itapeleka mshtuko wote kwenye mabega na mgongo. Usifunge kamba iliyokatika kwa fundo. Mahali penye fundo ndipo itakapokatikia tena. Mpini uwe na upana wa sentimita 30 hivi, na unene unaoruhusu vidole vifunge bila kujinyonga: mnene mno utachosha mikono kati ya kiwiko na kiganja, mwembamba mno utakufanya ukunje ngumi hadi kucha zichome kiganja. Chagua mpini wenye wavu wa kinga kwenye pembetatu yake, ili mkono au kichwa kisipenye ukianguka.

Kuhusu jaketi, neno moja tu. Kuna jaketi jembamba la mashindano linalokinga mbavu dhidi ya pigo la maji, na kuna jaketi lililothibitishwa kukufanya uelee. Kwa macho yanafanana, ila la kwanza huenda lisikubebe ukizimia. Soma lebo ya ndani kabla hujalipa.

Umefika nyumbani na skii yako. Sasa kupanga.

Ilaze mezani juu ya taulo, viatu vikitazama juu. Chukua rula ndefu na pima kutoka ncha ya mkia hadi nyuma ya kisigino cha kiatu cha mbele. Kwa skii za inchi 66 na 67 namba hiyo mara nyingi huwa kati ya inchi 29 na 30. Andika. Kisha igeuze tumbo litazame juu, uchukue kaliperi (kipimo chenye taya mbili), ile yenye mkato kichwani unaokaa vizuri kwenye pezi, na upime mambo matatu: kina, yaani pezi limetokeza kiasi gani kutoka tumboni mwa skii, urefu wake kutoka mbele hadi nyuma, na umbali kutoka mkia hadi ukingo wa nyuma wa pezi. Kwenye skii nyingi za watu wazima kina huzunguka kwenye inchi 2.5, na umbali wa mkia kwenye inchi 0.75. Kibawa, kama kipo, huinamishwa nyuzi 7 hadi 9.

Mahali watu wanapopotezana zaidi ni kwenye ule urefu. Ukipima kwa taya za kaliperi utapata namba moja, ukipima kwa ncha zake utapata nyingine, pezi lilelile, halijasogea hata chembe. Mtu anachukua namba ya rafiki yake aliyepima kwa ncha, anaiweka kwa taya, halafu anashangaa skii imekuwa ngeni. Ndiyo maana kando ya kila namba andika ulipima kwa nini.

Kisha linganisha na namba za mtengenezaji, uiweke skii hapo, na uiache. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Teleza kwa mizunguko kumi, kumi na tano, bila kugusa skrubu hata moja. Namba za kiwandani zimepatikana kwa watu kujaribu skii ileile siku baada ya siku, na nyingi ya hitilafu tunazolaumu pezi zinatoka kiunoni na magotini mwetu.

Ikiwa baada ya hapo kuna tatizo linalojirudia upande uleule kila siku, anza na viatu kabla ya pezi, kwa sababu hapo athari ni rahisi kuisikia. Kusogeza viatu mbele ni kama abiria kuhamia pua ya mtumbwi: pua inazama zaidi, skii inageuka upesi, lakini inaweza kuuma ghafla na kukurusha mbele. Ukivirudisha nyuma, pua inapanda, kona zinakuwa pana na tulivu, na skii inachelewa kupunguza mwendo. Tundu moja la skrubu kwenda mbele au nyuma linatosha kuhisi tofauti.

Kina cha pezi ni kama mizizi ya mkia. Likizama zaidi, mkia unashika na hauchomoki, ila unakuwa mzito kuzunguka. Ukilipandisha, mkia unateleza kirahisi, na ukizidisha utaupoteza kabisa katikati ya kona. Badiliko la inchi 0.005, ambalo linazidi kidogo tu unene wa karatasi ya kawaida, huhisiwa na mchezaji mzoefu. Kama wewe hulihisi, usijilazimishe kulihisi. Ni dalili kwamba muda wako una faida zaidi majini kuliko mezani. Kibawa nacho ni breki, kinakusaidia kupunguza kasi kabla ya boya, na kazi yake huonekana zaidi kwenye mwendo wa juu. Anayejifunza kwa kilomita 45 anaweza kukivua na asikikumbuke.

Badilisha kitu kimoja kwa siku moja. Ukisogeza kiatu na pezi pamoja na mambo yakawa mazuri, hujui kipi kilisaidia; yakiharibika, hujui urudishe kipi. Na usibadilishe chochote siku ambayo boti ni nyingine au dereva ni mwingine. Boti zenye mfumo wa kushikilia kasi kwa satelaiti huvuta kwa namna moja kila mzunguko. Dereva anayeshika kasi kwa mkono anaweza kukuvuta kwa 52 upande mmoja na 54 upande mwingine, nawe ukarudi nyumbani kulaumu pezi.

Daftari langu lina safu saba: tarehe, boti, kasi, urefu wa kamba, mahali pa kiatu cha mbele, namba tatu za pezi, na sentensi moja ya nilichohisi. Kabla ya kuliandika, bisibisi hupita kwenye kila skrubu ya viatu, maana mtetemo wa maji huzilegeza kidogo kidogo.